Mashine ya Uswisi, Dhahabu ya Kwetu

Saa ya zamani ya Uswisi, ile inayotiwa ufunguo kila siku, ina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni mashine yenyewe: magurudumu ya meno, springi, na vijiwe vyekundu vya rubi vinavyopunguza msuguano. Ya pili ni kasha, yaani gamba la chuma, la fedha au la dhahabu linaloikinga mashine hiyo na vumbi, jasho na maji. Watu wengi hudhani sehemu hizo zilizaliwa pamoja katika kiwanda kimoja. Kwa saa nyingi za dhahabu zilizouzwa Uingereza na Marekani katika karne ya 20, sivyo ilivyokuwa. Mashine ilitoka Uswisi bila kasha, na kasha lilitengenezwa na mafundi wa nchi ambako saa ilikwenda kuuzwa.

Mgawanyo huo wa kazi uliletwa na sheria za ushuru na sheria za kupima usafi wa dhahabu. Nchi zilizotunga sheria hizo zilipata viwanda, ajira na mafundi waliorithishana ujuzi kwa vizazi. Nchi ambazo hazikuwa na sheria hizo, hata zile zenye dhahabu chini ya miguu ya wakulima wake, zilibaki kununua saa iliyokwisha kufungwa na kuuza dhahabu iliyotoka kuyeyushwa.

Hapa Tanzania, Bariadi na Mkoa wa Simiyu kwa jumla ni miongoni mwa maeneo ya namna hiyo. Dhahabu inachimbwa na wachimbaji wadogo wilayani Bariadi, na Dutwa kuna amana kubwa ya nikeli, madini ambayo kwa miaka mingi yametumika kutengeneza makasha ya saa za bei nafuu. Mkoa una majirani wenye almasi na dhahabu. Kwa hiyo historia ya kasha la saa, ingawa ilianzia mbali, ni historia inayotuhusu, na ina jambo la kutufundisha kuhusu mali inayotoka ardhini mwetu.

Ushuru uliozaa mafundi

Mtu wa kuanza naye ni Aaron Lufkin Dennison, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1812 katika jimbo la Maine. Ndiye mmoja wa waasisi wa kiwanda cha saa cha Waltham, Massachusetts, kilichoonyesha dunia kwamba saa inaweza kutengenezwa kwa mashine, vipuri vyake vikalingana kiasi cha kuhamishika kutoka saa moja hadi nyingine. Dennison hakutajirika kwa wazo hilo. Kampuni yake ilifilisika mwaka 1857, na baada ya kuhangaika huku na kule alivuka bahari akaenda Uingereza katika miaka ya 1870.

Huko, katika jiji la Birmingham, alijaribu kwanza biashara ya saa nzima ikamshinda. Ndipo mwaka 1874 akageukia kasha peke yake. Katika kazi hiyo alishirikiana na Alfred Wigley. Birmingham ilikuwa mahali pake hasa. Jiji hilo lilikuwa limejaa masonara na wafua vyuma, na tangu mwaka 1773 lilikuwa na ofisi yake ya kupima usafi wa fedha, ambayo mwaka 1824 ilianza kupima dhahabu pia. Kila chombo cha dhahabu kilichopimwa pale na kukubalika kiligongwa muhuri wa nanga. Mnunuzi hakulazimika kumwamini muuzaji kwa maneno, aliutazama muhuri.

Dennison alifariki dunia mwaka 1895, na mwanawe Franklin akaendeleza kazi. Kuanzia mwaka 1905 kampuni ikaitwa Dennison Watch Case Company. Miaka michache baadaye serikali ya Uingereza, bila kuwa na nia ya kuijenga kampuni hiyo, iliifungulia milango miwili mikubwa.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1907. Kuanzia tarehe 1 Juni mwaka huo, kasha lolote la dhahabu au fedha lililoingizwa kutoka nje lilitakiwa kupelekwa kwenye ofisi ya upimaji ya Uingereza, likapimwe na kugongwa muhuri maalumu wa bidhaa za nje. Mfanyabiashara wa saa za Uswisi akajikuta na gharama mpya, usumbufu mpya na ucheleweshaji mpya.

Mlango wa pili ulifunguliwa na vita. Mnamo Septemba 1915 Waziri wa Fedha Reginald McKenna, akitafuta fedha za kupigana Vita Kuu ya Kwanza na kupunguza meli zilizojaa bidhaa za anasa, aliweka ushuru wa asilimia 33 na theluthi moja kwa magari, filamu, vyombo vya muziki na saa. Kijana mmoja mzaliwa wa Bavaria, Hans Wilsdorf, ambaye tangu mwaka 1905 alikuwa akifanya biashara ya saa London na mwaka 1908 alikuwa amesajili jina Rolex, alikuwa miongoni mwa walioguswa. Mwaka 1919 alihamishia makao ya biashara yake Geneva. Lakini soko la Uingereza hakuliacha. Mashine zake za Uswisi ziliendelea kuingia Uingereza, na nyingi kati yake zilivishwa makasha ya Dennison pale Birmingham. Omega, Longines na Jaeger-LeCoultre nao walifanya hivyohivyo.

Ndivyo kiwanda kimoja cha makasha kilivyoishi kwa zaidi ya miaka 90. Dhahabu yenyewe haikuchimbwa Birmingham. Ilitoka Afrika Kusini, Australia na kwingineko katika dola ya Waingereza. Kilichokuwa cha Birmingham ni benchi la fundi, mizani ya mpimaji na sheria iliyowalinda wote wawili.

Ndani ya mfuniko wa nyuma

Anayetaka kuiona historia hii kwa macho yake na afungue mfuniko wa nyuma wa saa ya dhahabu iliyouzwa Uingereza katika miaka ya 1950. Upande wa ndani ataona herufi tatu zimegongwa: ALD, yaani Aaron Lufkin Dennison, zikitumika miongo kadhaa baada ya mwenyewe kuzikwa. Karibu yake ataona nanga ya Birmingham, tarakimu .375, na herufi moja ya alfabeti inayotaja mwaka kasha lilipopimwa. Tarakimu hiyo ina maana kwamba katika kila sehemu 1,000 za kasha, 375 ni dhahabu tupu. Hiyo ndiyo karati 9. Saa za fahari zaidi zilikuwa za karati 18, yaani sehemu 750 katika 1,000. Sehemu zinazobaki ni shaba na fedha, zinazoipa dhahabu ugumu, maana dhahabu tupu ni laini mno kwa chombo kinachogongana na meza kutwa nzima.

Kazi ya kulitengeneza kasha hilo ilipita mikono mingi. Dhahabu iliyochanganywa iliyeyushwa, ikamiminwa, kisha ikapitishwa kwenye mitambo ya kubana mpaka ikawa bamba jembamba. Bamba lilikatwa vipande vya duara na kugandamizwa kwenye kalibu. Kipande kilikerezwa hadi ukingo wake ukalingana na mashine itakayokaa ndani, kwa vipimo ambavyo jicho haliwezi kuviamua. Masikio ya kushikia mkanda yalilehemiwa moja moja. Baada ya kila hatua ya kugongwa chuma kilipashwa moto tena ili kisipasuke. Mpimaji alikwangua chembe ndogo kutoka kila sehemu ya kasha, akaipima kwa moto, na kasha lililopungukiwa dhahabu lilivunjwavunjwa.

Mara nyingi, kwenye mgongo huohuo, kuna maandishi mengine yaliyochongwa kwa mkono: jina la mfanyakazi, jina la kampuni, na miaka 25 au 40 ya utumishi. Saa ya dhahabu ndiyo iliyokuwa zawadi ya kustaafu ya Mwingereza wa kawaida. Mashine ndani yake ilitoka Uswisi, lakini heshima iliyoandikwa juu yake, na ujira wa kuiandika, vilibaki nyumbani.

Marekani nako sheria ilifanya kazi yake. Kwa sheria ya ushuru ya mwaka 1930, mashine ya saa yenye vijiwe zaidi ya 17 ilitozwa dola 10.75, kiasi kikubwa mno kwa wakati ule, na kasha lilitozwa ushuru wake peke yake. Matokeo yake yanaonekana mpaka leo kwenye saa za Longines na Omega zilizouzwa Marekani: mashine za vijiwe 17, ndani ya makasha ya dhahabu ya karati 14 yaliyotengenezwa na makampuni ya Kimarekani. Waswisi walijifunza kutii. Walituma mashine, Mmarekani akaweka kasha, kila mmoja akala kwa jasho lake.

Sekenke na Tabora, 1916

Pengine msomaji atasema: hao walikuwa na viwanda, sisi tulikuwa na majembe. Historia ya nchi yetu inalo jibu, na jibu hilo halikutokea mbali na Simiyu.

Kutoka Meatu, ukivuka Mto Sibiti, unaingia Mkoa wa Singida. Huko Iramba, kwenye mgodi wa Sekenke, Wajerumani walikuwa wakichimba dhahabu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita ilipoanza mwaka 1914, manowari za Uingereza ziliifunga pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hakuna sarafu iliyoweza kuingia kutoka Berlin. Serikali ilichapisha noti za dharura, lakini wananchi na wafanyabiashara walizitilia shaka karatasi hizo. Askari na wapagazi walitaka malipo, na wauza chakula walitaka kitu chenye uzito mkononi.

Mwaka 1916 serikali ya kikoloni ikaamua kutengeneza sarafu zake ndani ya nchi. Kazi ilifanyika katika karakana ya reli karibu na Tabora, mji ambao reli ya kati ilikuwa imeufikia mwaka 1912. Kwanza zilitengenezwa sarafu za heller 5 na heller 20 kwa shaba na shaba ya manjano iliyookotwa popote ilipopatikana, hata kwenye maganda ya mizinga. Kisha ikaletwa dhahabu ya Sekenke, na ikatoka sarafu ya rupia 15 ambayo leo hutafutwa na wakusanyaji wa sarafu duniani kote.

Upande mmoja wa sarafu hiyo kuna tai wa Ujerumani. Upande wa pili kuna tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima, na chini yake herufi T ya Tabora. Ina uzito wa gramu 7.168, na usafi wa dhahabu yake ni sehemu 750 katika 1,000. Hiyo ni karati 18, kiwango kilekile cha makasha ya saa za fahari za Geneva. Zilitengenezwa 16,198. Ukizidisha, unapata zaidi ya kilo 116 za dhahabu iliyochanganywa, ndani yake kilo 87 za dhahabu tupu, zilizoyeyushwa, zikabanwa, zikakatwa na kugongwa muhuri na karakana iliyojengwa kwa ajili ya kukarabati mabehewa.

Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na kazi hiyo ikawa imekwisha. Ilidumu miezi michache tu. Lakini ilithibitisha jambo kubwa. Dhahabu ya katikati ya nchi hii iliwahi kuchimbwa, kusafishwa, kuchanganywa kwa kiwango cha kimataifa na kugeuzwa kuwa kitu kilichokamilika, chote hicho bila kuvuka bahari. Kilichoiwezesha karakana ya Tabora ni kwamba njia ya kuleta vitu kutoka nje ilikuwa imefungwa. Njia ilipofunguliwa tena, hakuna aliyeona haja ya kuendelea.

Pamba, mizani na saa za Usukuma

Saa ziliwahi kupita mapema Usukuma, eneo la Wasukuma ambalo Simiyu ni sehemu yake, mikononi mwa wapelelezi wa Kizungu waliozitumia kupimia walipo duniani. John Hanning Speke alifika Mwanza Agosti 1858. Henry Morton Stanley alifika Kageye mwaka 1875, na akauandika Mto Simiyu katika ramani zake kama chanzo cha mbali kabisa cha Mto Nile upande wa kusini. Kwa mkulima na mfugaji wa Ntuzu, huko Bariadi, jua na ng'ombe wanaorudi zizini vilitosha kugawa siku.

Saa kama mali ya mtu wa kawaida ilikuja na reli, shule, misheni na pamba. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo cha pamba kilitanuka Usukuma nzima, Maswa ikiwa pamoja na eneo ambalo leo ni Bariadi. Msimu wa kuuza pamba ulipofika, fedha taslimu ziliingia vijijini, na madukani kukawa na baiskeli, cherehani, kanga na saa. Saa nyingi za bei ya mkulima zilikuwa na makasha ya shaba ya manjano yaliyopakwa kromiamu. Katika joto letu jasho la mkono huila kromiamu hiyo, na baada ya miaka kadhaa umanjano wa shaba hujitokeza pembeni. Saa hizo ziliwasili zikiwa zimefungwa tayari. Ushuru wa forodha wa Tanganyika ulikuwa wa kujaza hazina ya serikali. Kumlinda fundi wa hapa halikuwa jambo lililofikiriwa.

Mafundi walikuwepo. Katika miji ya Tabora, Shinyanga na Mwanza, kama ilivyokuwa Unguja na Lamu, masonara, wengi wao wenye asili ya Kihindi, walitengeneza bangili, pete, herini na mikufu ya harusi. Walijua kuyeyusha, kubana bamba, kuvuta waya na kulehemu. Ni ujuzi uleule aliouhitaji fundi kasha wa Birmingham kuanzia. Hawakuletewa mashine tupu za kuzivika makasha, kwa kuwa hakuna sheria iliyomlazimisha muuza saa kuzileta hivyo.

Dhahabu nayo ilikuwepo. Mgodi wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi mwaka 1966, na dhahabu yake ilikwenda nje ikiwa vipande vya kuyeyushwa. Jirani zaidi, Mwadui, John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Mwaka 1947 almasi moja ya waridi yenye uzito wa karati 54.5 kutoka Mwadui ilitolewa kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi. Ilikatwa London ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 kampuni ya Cartier ikaiweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Jiwe lilitoka Usukuma. Mkataji, mchongaji na mfua chuma walilipwa Ulaya.

Kuna sehemu moja tu ya uchumi ambayo Wasukuma waliishika wenyewe mapema, nayo ni mizani. Wakulima wa pamba walikuwa wakipunjwa kwenye vituo vya kununulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaamua kuweka wapimaji wao wenyewe, waliosimama kando ya mizani ya mnunuzi na kuhakiki uzito wa kila mzigo. Kutokana na vuguvugu hilo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vyama vya msingi viliungana, na mwaka 1955 kikaundwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, ambacho kilikuja kutajwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Chama hicho hakikuishia kupima. Kilijenga viwanda vya kuchambua pamba, kikawa kinauza nyuzi mahali ambapo zamani mkulima aliuza pamba mbegu.

Hapa ndipo historia ya Birmingham na historia ya Usukuma zinapokutana. Dennison alistawi kwa sababu kulikuwa na mpimaji anayeaminika na sheria inayompa soko. Mkulima wa Maswa alianza kusimama siku alipopata mpimaji anayemwamini. Kipimo cha haki ndicho kilichotangulia, kiwanda kilifuata.

Makasha yaliyoyeyushwa

Mwaka 1967 kampuni ya Dennison ilifunga milango yake. Ladha za wanunuzi zilikuwa zimebadilika, na pigo kubwa zaidi lilikuwa njiani. Siku ya Krismasi mwaka 1969, kampuni ya Seiko ya Japani iliuza Tokyo saa ya kwanza ya mkononi inayoendeshwa kwa betri na fuwele ya kwatsi. Katika kipindi cha miaka 15 hivi iliyofuata, wafanyakazi wa viwanda vya saa vya Uswisi walipungua kutoka takriban 90,000 hadi kidogo zaidi ya 30,000.

Halafu bei ya dhahabu ikapanda. Marekani iliacha kuifunga dola yake na dhahabu mwaka 1971, na Januari 1980 wakia moja ilifikia dola 850. Saa ya zamani ya karati 9 ikawa na thamani kubwa zaidi kwenye chungu cha kuyeyushia kuliko mkononi. Wanunuzi wa dhahabu chakavu walifungua makasha, wakazitupa mashine kwenye madebe na kuyayeyusha makasha kwa maelfu. Maandishi ya miaka 40 ya utumishi yaliingia motoni pamoja na nanga na herufi za Dennison.

Mashine nyingi zilizobaki yatima bado ni nzima. Ukizisafisha na kuzitia mafuta, zinatembea. Ndiyo maana katika nchi mbalimbali leo wapo masonara na mafundi saa wanaonunua mashine za zamani za Uswisi na kuzitengenezea makasha mapya ya fedha na dhahabu, moja moja, kwa oda ya mteja. Kazi iliyoanza kwa amri ya ushuru imerudi kama kazi ya mkono yenye heshima na bei yake.

Simiyu ya leo

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, Bariadi ikiwa makao makuu, ukiwa na wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Ni mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Dhahabu yake inachimbwa zaidi na watu wenye sururu, nyundo na kamba. Gharama ya dhahabu hiyo si ndogo. Januari 2024, kwenye mgodi wa Ng'alita wilayani Bariadi, udongo uliporomoka na kuua zaidi ya wachimbaji 20. Mtu anayeuza dhahabu kwa bei ya ghafi anapaswa kukumbuka kwamba kuna watu wameilipia kwa uhai wao. Inastahili kuthaminiwa hadi gramu ya mwisho.

Sheria, kwa upande wake, imeanza kuelekea kule ilikoelekea Birmingham zaidi ya karne moja iliyopita. Mwaka 2017 nchi ilizuia kusafirisha nje makinikia, yaani mchanga wenye madini, na ikapitisha sheria inayotamka kwamba rasilimali hizi ni mali ya wananchi. Februari 2019 mchimbaji mdogo aliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Machi mwaka huohuo soko la kwanza la madini lilifunguliwa Geita, na mikoa mingine ikafuata, ili mchimbaji apimiwe mahali penye mizani ya serikali. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha kusafisha dhahabu Mwanza, ambamo serikali ina hisa kupitia Shirika la Madini la Taifa (STAMICO). Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanaouza dhahabu nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao isafishwe nchini na kuuzwa Benki Kuu.

Kwa hiyo mizani ipo, na kinu cha kusafishia kipo saa chache kwa barabara kutoka Bariadi. Kinachokosekana ni benchi la fundi na muhuri. Dhahabu iliyosafishwa Mwanza bado ni tofali. Ili iwe pete, bangili au kasha la saa inahitaji sonara aliyefundishwa, na ili mnunuzi wa Dar es Salaam, Muscat au London aiamini, inahitaji muhuri wa usafi unaojulikana kama nanga ya Birmingham ilivyojulikana.

Wapo watakaosema Simiyu ni mkoa wa wakulima na kazi hizo hauziwezi. Mkoa huu umekwisha kujibu. Kwa mpango wa wilaya moja, bidhaa moja, vijana wa Maswa walitengeneza chaki, na vijana wa Meatu wakafungasha maziwa ya ng'ombe wa Meatu. Chaki ilianza kwa sababu iliyo wazi: kila shule ina ubao, na kila ubao unahitaji chaki. Soko lilikuwepo kabla ya kiwanda, na uongozi ulikuwa tayari kulisimamia. Dhahabu ina soko kubwa zaidi ya chaki. Kila harusi Usukuma, kila mkutano wa kumuaga mstaafu, kila mashindano yanayofanyika viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, yanahitaji zawadi. Leo nyingi ya zawadi hizo zinanunuliwa kutoka nje, baadhi zikiwa za chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu.

Inawezekana kuanza kwa udogo. Kituo cha Jemolojia cha Arusha kinafundisha kukata na kusanifu vito; vijana wachache wa Bariadi, Itilima na Busega wapelekwe huko kwa fedha za halmashauri, warudi na ujuzi. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA viwe na darasa la usonara na ufundi saa. Vyama vya wachimbaji wadogo vitenge gramu chache za kila mwezi kwa ajili ya karakana ya pamoja, kama vyama vya pamba vilivyotenga senti kujenga viwanda vya kuchambulia. Halmashauri ziamue kwamba zawadi ya mwalimu, muuguzi na mtendaji anayestaafu katika mkoa huu itafuliwa katika mkoa huu, kwa dhahabu au fedha ya nchi hii, na jina lake lichongwe nyuma. Na kama zawadi hiyo itakuwa saa, mashine na itoke Uswisi. Wao wanaijua kazi hiyo. Kasha litoke Bariadi.

Nawe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kuna saa ya babu iliyosimama, usikubali kumpa mchuuzi anayenunua kwa uzito kabla ya kuifungua. Mpelekee fundi saa mwaminifu afungue mfuniko wa nyuma, usome alama zilizogongwa ndani, ujue ni chuma gani, kilipimwa wapi na mwaka gani. Kisha amua. Watu wengi waliyeyusha urithi wao kwa kutoujua, na nchi nzima inaweza kufanya kosa hilohilo. Simiyu isilifanye.